Majani Chini ya Isumbi

Subilaga Kyando alijua kuna jambo baya kabla hajafika mstari wa arobaini, kwa sababu jua lilikuwa linampiga usoni. Kwa miaka kumi na miwili ya kulinda mierebi ya bonde la Lihanje hakuwahi kupigwa na jua akiwa katikati ya shamba. Miti ilipandwa ikabanana, na majani yake marefu membamba yalifunga njia juu ya kichwa kama paa. Sasa paa halikuwapo. Kuanzia mstari wa arobaini mpaka wa hamsini na tatu, kila mwerebi ulibaki vijiti vitupu, na chini yake hapakuwa na jani hata moja lililoanguka. Upepo ukivua mti huacha majani chini. Ukame nao huacha. Hapa palikuwa peupe kama ua uliofagiliwa, na jana asubuhi tu alipita hapohapo miti ikiwa imevaa.

Alichomeka fimbo ya kusikilizia ardhini, akavaa visikizio. Kwa muda hakusikia kitu. Kisha ikaja, kwanza mbali, halafu chini ya nyayo zake kabisa: sauti ya kitambaa kinachochanwa taratibu, na kingine, na kingine, maelfu kwa maelfu, bila kupumzika. Alivua visikizio upesi. Alikuwa ameisikia sauti ile mara nyingi kwa miezi minne iliyopita, lakini hakuwahi kuisikia ikiwa nzito kiasi hicho.

Ilikuwa sauti ya sisimizi waliokuja kutoka bara la mbali, wamejificha kwenye udongo wa miche. Watu wa bonde waliwaita mikasi. Mkasi hali jani. Analikata kipande cha ukubwa wa ukucha, analibeba kichwani kama mwavuli, analishusha shimoni, na huko wenzake wanalitafuna na kuulisha ukungu mweupe wanaoulima gizani. Ukungu ndio chakula chao. Shamba lingine lolote duniani likivamiwa na mikasi, mkulima angelilia mavuno yake na basi. Lihanje haikuwa hivyo, kwa sababu hakuna jani la Lihanje lililoruhusiwa kutoka nje ya uzio.

Juu ya bonde lilikaa bwawa la tope, masalio ya mgodi uliofungwa kabla Subilaga hajazaliwa. Tope lilijaa kadimi, madini yanayoingia kwenye figo na mifupa ya mtu na kukaa humo mpaka yammalize. Mierebi ilitengenezwa maabara kwa kazi moja tu, kuinywa kadimi hiyo kwa mizizi na kuipandisha kwenye majani, ndiyo maana majani yake yaling'aa kijivu kama bati. Kila msimu mashine zilivuna, tanuru lililofungwa likachoma, majivu yakayeyushwa kuwa vioo na kuzikwa. Mizizi nayo ilishika ukuta wa bwawa usimomonyoke. Chini ya bonde, mwendo wa saa tatu kwa gari, mji wa Igelango wenye watu elfu tisini ulikuwa unakunywa maji ya mto kwa mwaka wa tano sasa bila mtu kuugua. Binti yake Subilaga, Lusekelo, aliishi huko na alikuwa mjamzito wa miezi saba.

Mwerebi ukivuliwa majani mara tatu katika msimu mmoja hauchipui tena. Mizizi inaoza. Mistari ile ilikuwa imevuliwa mara mbili.

* * *

Siku hiyo aliamua kuwafuata. Mpaka wakati huo kituo cha kulinda mierebi kilijua tu kwamba kiota kiko mahali fulani ndani ya uzio, nao walikuwa wamechimba sehemu saba bila kukipata. Subilaga alichomeka fimbo kila baada ya hatua ishirini na kwenda kule ambako sauti ya kuchanika ilikuwa kubwa zaidi. Alitarajia kuelekea bondeni, kwenye udongo laini. Sauti ikamrudisha juu. Ikampitisha chini ya uzio, ambako alisimama kidogo akiuangalia uzio, kisha chini ya barabara ya changarawe, kisha ikaanza kupanda mlima. Alipoinua macho aliona mabati ya kitongoji cha Isumbi.

Alirusha droni yenye jicho la kuona chini ya ardhi, akaketi juu ya jiwe kusubiri picha. Ilipojichora kwenye kioo chake aliisogeza karibu na macho. Kiota kilienea chini ya kitongoji kizima. Vyumba zaidi ya mia nane, vimeunganishwa kwa njia zilizopinda, vingine viko karibu mno na sakafu za nyumba hata unene wa udongo uliobaki haukufika shubiri. Chini kabisa palikuwa na vyumba sita vikubwa, kila kimoja kama bafu. Hivyo vilikuwa vyumba vya taka. Mikasi hutupa huko mabaki ya majani yaliyokwisha kunyonywa, na kuna wafanyakazi wasiokuwa na kazi nyingine mpaka kufa ila kuzigeuza taka hizo na kuziba kuta kwa udongo wa mfinyanzi ili maji yasiingie. Mita nane chini ya vyumba hivyo, kilimani, ndipo ilipotoka chemchemi ya Isumbi.

Alipiga hesabu mara mbili. Miezi minne ya majani, mistari mingapi, kadimi kiasi gani kwenye kila jani. Ilikuja kilo kumi na tisa, imerundikwa juu ya chemchemi, imeshikiliwa na udongo uliopakwa na wadudu. Akabaki amekaa. Wadudu wakiwa hai, kuta zitaendelea kupakwa na taka zitabaki kavu. Wadudu wakifa, mvua ya kwanza nzito itapita katikati ya vyumba vile.

Na sumu ya kuwaua ilikuwa imeshafika kituoni tangu Jumatatu.

* * *

Mkuu wa kituo, Mhandisi Lutengano Mwaipaja, alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyewahi kumzika mdogo wake kwa sababu ya maji ya Igelango enzi ambazo mto ulikuwa bado mchafu. Aliitazama picha. Halafu akamweleza mambo ambayo Subilaga aliyajua lakini hakutaka kuyasikia yakipangwa kwa mfuatano. Dawa ilikuwa ni ukungu mwingine, uliofugwa maabara, unaoua ukungu wa mikasi. Unapakwa kwenye punje za maganda ya machungwa, mikasi wenyewe wanazibeba mpaka shimoni, na katika siku tisa bustani zao zote zimekufa nao wamekufa njaa. Sheria ilikataza ukungu huo kutumika mahali wanapoishi watu bila uchunguzi wa miezi mitatu. Mvua zilitarajiwa baada ya wiki mbili. Mierebi ilikuwa na wiki moja, labda siku kumi.

Kwa hiyo kilichohitajika, alisema, ni fomu ya mkaguzi wa eneo. Mkaguzi alikuwa Subilaga. Fomu ilikuwa na swali moja tu la maana: je, kuna makazi ya watu juu ya kiota?

Subilaga aliuliza itakuwaje kuhusu chemchemi. Mhandisi akasema wataipima mara kwa mara, na ikionekana mbaya wataifunga. Alisema hivyo akitazama meza.

"Watakuwa wameshakunywa," Subilaga alisema.

"Mama Lusekelo, mimi sikukuita nikudanganye," Mhandisi akamjibu. "Nikipeleka ukweli makao makuu, watasimamisha kila kitu. Ni sheria nzuri, waliitunga watu wazuri. Ukuta utaanguka huku wakiisoma. Mia mbili kule juu, elfu tisini kule chini. Nitafutie njia nyingine mpaka kesho saa sita, nitaifuata. Naapa nitaifuata."

Hakuipata. Jioni ile alimpigia Lusekelo simu, akamsikiliza akieleza jinsi mtoto anavyocheza tumboni akinywa maji ya baridi. Alitaka kumwambia afunge mizigo aende kwa shangazi yake, mbali na mto. Aliwaza kwamba akimwambia Lusekelo atakuwa amemwambia mtu mmoja kati ya elfu tisini kwa sababu tu amemzaa. Akakata simu bila kusema. Kesho yake saa tano na nusu aliweka kiganja juu ya kioo cha fomu. Kioo kiliuliza kama ana hakika. Alisema ndiyo. Kwenye ramani ya serikali, mabati ya Isumbi yalififia, nyumba moja baada ya nyingine, na mahali pake pakaandikwa: msitu, hakuna wakazi.

Mchana huohuo punje za maganda ya machungwa zilimwagwa kwenye mistari. Alisimama kuangalia. Mikasi walizijia kwa hamu, wakazipanga vichwani, wakaondoka nazo kuelekea mlimani.

* * *

Alikuwa amejiambia atanyamaza angalau mpaka aone kama dawa imefanya kazi. Alishindwa kulala, alishindwa kula, na siku ya pili alijikuta anapanda Isumbi kwa miguu. Alikwenda kwa Zelina Tweve, mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mwenye umri wa kumzaa, ambaye ndiye aliyeitisha watu wajenge tangi la chemchemi kwa mikono yao.

Zelina alipokea shikamoo yake, akamkaribisha jikoni kwa sababu nje kulikuwa na upepo. Katikati ya sakafu palikuwa na tundu la ukubwa wa kikombe. Mikasi walikuwa wanatoka na kuingia, na pembezoni mwa tundu pamelala vipande vya majani ya kijivu. Zelina alieleza, kama mtu anayemsimulia mgeni kituko cha nyumbani, kwamba walianza kutokea mwezi uliopita. Mwanzoni waliwamwagia majivu. Baadaye wakaona wanafaa, kwani wanaleta majani mazuri hadi ndani. Alichukua ufagio, akavikusanya vile vipande kwenye ungo, akaviweka mbele ya simbilisi wake waliokuwa wamejikunyata pembeni ya mafiga.

Wawili walisogea kula. Waliobaki walijaribu, miguu ya nyuma ikaburuzika.

"Mama, usiwape," Subilaga alisema. "Mmewala simbilisi hawa?"

Zelina alisema kila Jumapili, kama watu wote wa Isumbi. Mumewe Eliuta ndiye aliyekuwa anawapenda zaidi, ila siku hizi alikuwa mgonjwa, mifupa ya mapaja inamuuma hata hawezi kufika shambani. Uzee, alisema. Kisha akautazama uso wa Subilaga, akauweka ungo chini.

Subilaga alimwambia yote. Alimwambia kuhusu majani, vyumba sita, kuta za mfinyanzi, mvua. Alimwambia kuhusu Igelango na ukuta wa bwawa. Alichelewa kufika kwenye fomu, akazunguka, akarudi, mwishowe akaisema. Muda wote huo mikasi walipita katikati yao na mizigo yao, na baadhi walikuwa wamebeba punje za rangi ya machungwa.

Zelina hakulia wala hakupaza sauti. Aliuliza dawa ilimwagwa lini. Akaambiwa jana mchana.

"Ungekuja juzi," alisema, "tungekaa na watu, tungelia, halafu tungekubali wenyewe. Igelango tuna watoto pale, tuna wagonjwa hospitalini pale. Nani angekataa? Leo umekuja kutuambia. Hukuja kutuuliza."

Subilaga alisema tu kwamba walikuwa na siku saba, na kwamba angewasaidia kubeba.

* * *

Kuhama kulikuwa kugumu kuliko alivyodhani, maana mtu hakimbii kitu asichokiona. Maji ya chemchemi yalikuwa bado meupe. Wazee waliyachota kwa viganja na kumwonyesha. Subilaga alienda nyumba kwa nyumba na fimbo yake, akawavisha watu visikizio wajisikilizie wenyewe kilichokuwa chini ya vitanda vyao. Baada ya kusikia hawakubishana naye tena. Wengi walivivua haraka na kuita watoto waliokuwa wanacheza uani.

Siku ya tano alichomeka fimbo nyuma ya nyumba ya Zelina na hakusikia kuchanika. Alidhani kifaa kimeharibika. Akasogea hatua ishirini, akachomeka tena. Kulikuwa na mlio mdogo wa hapa na pale, kama kucha zinazokwaruza ndani ya sanduku, halafu hata huo ukakoma. Dawa ilikuwa imemaliza kazi kabla ya siku zake tisa. Harufu tamu ya kuoza ilianza kupanda kupitia matundu ya sakafu. Kwa miezi minne aliiombea sauti ile inyamaze, na sasa iliponyamaza alitamani irudi, kwa sababu alijua hakuna tena aliyekuwa anaziba kuta.

Mvua haikusubiri wiki mbili. Ilianza siku ya sita asubuhi, bila radi, nzito na yenye baridi, na kaya kumi na moja zilikuwa bado mlimani. Mhandisi Lutengano alileta magari ya kituo bila ruhusa ya mtu, akaendesha la kwanza yeye mwenyewe. Walibeba wagonjwa kwenye machela za magunia. Eliuta alibebwa na watu wanne. Walipompitisha mlangoni paja lake liligonga fremu kidogo tu, na wote wakasikia mfupa ukivunjika.

Ardhi ilianza kubonyea saa saba mchana. Kwanza jiko la Zelina, ambalo lilizama taratibu mpaka usawa wa dirisha, kama mtu anayekaa kitako. Halafu ua wa kanisa. Subilaga alikuwa anashuka na kundi la mwisho walipopita kwenye chemchemi. Mwanamke mmoja aliyekuwa na kiu alitoka kwenye njia kwenda kuchota, kwa mazoea tu, hata hakufikiri. Zelina alimshika mkono. Wakasimama wote wakiangalia. Maji yalikuwa bado yanatoka, mengi kuliko kawaida, na yalikuwa meupe. Ndipo ukatoka uzi mmoja wa kijivu, ukajisokota kwenye bomba, ukakatika. Ukaja mwingine, mnene. Kisha bomba lote likatapika ute wa rangi ya bati, vipande vya majani, na mizoga midogo myekundu isiyohesabika. Zelina alifunga valvu ya tangi aliyoifunga na kuifungua kwa miaka mingi, akaendelea kuizungusha hata ilipokuwa imefika mwisho.

Yule mwanamke alianza kutapika, ingawa hakuwa amekunywa.

* * *

Ukuta wa bwawa ulishika. Mierebi ilichipua upya mwezi uliofuata, na Igelango ikaendelea kunywa maji yake bila kujua kitu. Lusekelo alijifungua mtoto wa kike. Subilaga alikwenda kumwona mjukuu wake, akambeba kwa dakika chache, akamrudisha kwa mama yake, kwa kuwa saa tatu alitakiwa kuwa kwenye ofisi ya makazi.

Watu wa Isumbi walikuwa wanalala kwenye ukumbi wa shule ya Igelango kwa wiki ya tano. Walikuwa wameomba ardhi mara tatu, na matibabu ya mifupa na figo mara tatu, na kila mara mashine ilijibu kwamba eneo waliloandika ni msitu na halijawahi kuwa na wakazi. Ofisa alikuwa kijana mwenye heshima. Aliwaambia anawaona kwa macho yake, anaamini wametoka mahali, lakini hawezi kumpa mtu hifadhi ya mahali pasipo na watu. Eliuta hakuhitaji tena hifadhi. Alikuwa amezikwa siku kumi na nane nyuma, katika makaburi ya mji asioujua.

Subilaga alimwomba ofisa afungue fomu ya ukaguzi wa Lihanje. Alisema jina lake na namba yake ya kazi. Ofisa alipolielewa kusudi lake alisita, akamgeuzia kioo asome mwenyewe maandishi mekundu. Mkaguzi akikiri kwamba alitoa taarifa ya uongo kuhusu makazi ya watu, atashikiliwa papo hapo, na kesi yake itasikilizwa ikiwa ya kuhatarisha uhai. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba angeweza kwenda nyumbani akafikirie. Subilaga alifikiria harufu ya mtoto iliyokuwa bado kwenye kitenge chake. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku yoyote kule mlimani. Aliona haya kwamba watu wa Isumbi waliokaa kwenye mabenchi wanaona.

Aliweka kiganja. Kioo kikauliza kama ana hakika. Alisema ndiyo. Kikauliza tena swali lile la zamani, je, kuna makazi ya watu juu ya kiota, naye akajibu kwamba kulikuwa na kaya thelathini na nane, watu mia mbili na kumi na wawili, na mmoja wao amekufa.

Mlango wa nje ulijifunga kwa kufuli. Ofisa alimwomba asogee pembeni asubiri wanaokuja kumchukua, akavuta kiti kwa ajili yake. Mashine ikafungua ukurasa mtupu, ikaomba orodha ya wakazi.

Zelina Tweve aliinuka kwenye benchi. Hakumtazama Subilaga alipompita, wala hakuwa amemsamehe, na pengine asingemsamehe. Alisimama mbele ya meza, akaikunja kanga yake vizuri mabegani, akamngojea ofisa awe tayari kuandika.

"Anza na Eliuta," alisema. "Halafu niandike mimi."